Nyanya Nilizompimia Wifi

Kazi yangu ya kwanza Johannesburg ilikuwa kuosha chupa. Nilikuwa na cheti cha ufundi wa maabara kutoka chuo cha kilimo Morogoro, chenye muhuri na picha yangu ya usichana, na nilikibeba kwenye bahasha ya kaki ofisi hadi ofisi kwa karibu mwaka mzima. Watu walikitazama, wakakigeuza nyuma, kana kwamba labda upande wa pili kuna kitu cha maana zaidi, wakanirudishia. Mwishowe maabara moja ya binafsi huko Randburg, iliyokuwa ikipima udongo, maji na mazao ya wakulima, ikanichukua niwe muosha vyombo.

Nilifika nchini mwaka mmoja baada ya ule uchaguzi wa kwanza wa watu wa rangi zote, nikimfuata mume wangu. Yeye ni mtu wa huku. Aliikimbia nchi yake akiwa kijana, akaishi Tanzania miaka kumi na minane, tukaoana Morogoro, na njia ilipofunguka akarudi kwao pamoja na mimi na mtoto wetu mmoja. Yeye walimpokea kwa nyimbo. Mimi walinipokea kwa adabu. Mama yake, mjane aliyeishi Soweto katika nyumba ya vyumba vinne, aliniita makoti, ndivyo wanavyomwita mke aliyeolewa pale nyumbani. Alilitamka neno hilo kwa upole. Lakini mwaka ulipita, ikapita miaka, sikuwahi kumsikia akiniuliza jambo lolote nje ya kama nimekula na kama mtoto amelala.

Aliyenipokea kama mtu alikuwa wifi yangu, mdogo wake mume wangu na kitinda mimba wa nyumba ile. Alikuwa fundi cherehani kwenye karakana moja ya Doornfontein, akishona sare za shule na makanzu ya kwaya, mitaa miwili tu kutoka fleti tuliyopanga. Mwaka ule nilipokuwa sina kazi, saa ya chakula cha mchana alikuja kwangu na mkate wake, tukala pamoja. Ndiye aliyenifundisha Kizulu cha dukani na Kizulu cha ukweni, ambavyo ni vitu viwili tofauti. Alinifundisha kusimama kwenye robot, ndivyo wanavyoziita taa za barabarani, na kutazama watu badala ya taa, kwa sababu madereva wenyewe hawazitazami. Kiswahili alijifunza neno moja tu, wifi, na alilipenda hilo neno. Aliniita hivyo hata mbele ya mama yake, na mama yake alikuwa akishangaa tunachekea nini.

Nilikaa miaka minne kwenye sinki la maabara. Kisha siku moja fundi mmoja akaugua, na kreti la nyanya lilikuwa linaanza kuoza mezani. Mkuu wa maabara, mkemia mmoja mama wa Kizungu aliyevaa kandambili hata wakati wa baridi, aliniona nikilitazama.

"Unajua hii kazi?" akaniuliza.

"Najua."

"Vitamini C?"

"Nilifundishwa."

Akanisogezea vifaa, akasimama nyuma yangu na mikono kifuani.

Kupima vitamini C si kazi ngumu, ni kazi ya uangalifu. Unasaga nyanya ndani ya tindikali ili vitamini isiharibiwe na hewa, kisha unachuja. Wekundu wote unabaki kwenye karatasi ya kuchujia, na unapata maji ya manjano hafifu. Halafu unadondosha humo rangi ya buluu, tone kwa tone. Kila tone likiyagusa yale maji linapotea, kwa sababu vitamini inalimeza. Unaendelea hivyo mpaka vitamini inakwisha, na tone linalofuata linabaki pale, la waridi. Hapo unasimama, unasoma rangi uliyotumia, unapiga hesabu. Mwenye haraka anapitiliza. Mimi sikupitiliza. Tangu siku ile nyanya zikawa zangu, ingawa ripoti zote zilitiwa saini yake, na kwenye orodha ya mishahara niliendelea kuwa muosha vyombo kwa mwaka mwingine mzima.

Mteja wetu mmoja kipindi hicho alikuwa mfanyabiashara wa mbolea. Alikuwa na mbolea mpya ya chumvichumvi, yenye naitrojeni nyingi, na alitaka kuiuza kwa watu wa kawaida wenye bustani ndogo nyuma ya nyumba. Majira yale ya joto alituletea nyanya kila wiki, kila kreti na kibandiko chake: hizi zimewekewa mbolea nyingi, hizi kidogo, hizi samadi tupu. Baada ya wiki chache daftari langu lilikuwa linasema jambo moja, na halikuwa jambo alilolitaka. Nyanya za mbolea nyingi zilikuwa kubwa na za kupendeza, lakini vitamini yake ilikuwa chini. Za samadi zilikuwa ndogo, na zilimeza buluu kwa muda mrefu kuliko zote.

Sababu haikuwa fumbo kwa mtu aliyesoma kilimo. Naitrojeni nyingi inaukimbiza mmea kwenye majani. Majani yakizidi, matunda yanakaa kivulini, na tunda la kivulini haliweki vitamini kama tunda linalopigwa na jua. Potasiamu inasaidia kidogo, maji yakizidi yanapunguza, tunda lililoivia mtini linalishinda lililochumwa bichi likaivia sandukuni. Lakini zaidi ya yote ni jua. Nilimweleza mkuu wangu hayo, naye akaitikia kwa kichwa, kwa kuwa aliyajua kabla yangu.

Kisha mfanyabiashara akabadilisha mtindo. Akawa analeta makreti mawili tu, la mbolea yake na la bila mbolea, na safari hii la mbolea lilishinda, wiki baada ya wiki. Nikazishika zile nyanya moja moja. Za mbolea zilikuwa na mabega ya manjano, yale madoa ambayo jua kali huacha karibu na kikonyo. Zile nyingine zilikuwa na ngozi laini, iliyopauka, ngozi ya tunda lililokulia chini ya neti.

"Hizi hazikuota mahali pamoja," nilimwambia mkuu wangu. "Moja ni ya juani, nyingine ya kivulini. Tunapima jua, hatupimi mbolea."

Alizitazama. Alikuwa mkemia mzuri, na aliliona mara moja.

"Sisi tunapima wanacholeta," akasema, na akatia saini.

Miezi michache baadaye nilikiona kikaratasi chenyewe kwenye duka moja la vifaa vya bustani katikati ya jiji. Kilikuwa na picha ya nyanya nyekundu na maneno kwamba mbolea hii inaongeza vitamini C, na chini kwa maandishi madogo, kwamba imethibitishwa na maabara huko Randburg. Nilikisoma nikiwa nimesimama, nikakirudisha kwenye rundo. Sikumwambia mtu.

Wifi alianza kuugua mwaka uliofuata. Kwanza ilikuwa kikohozi, kisha tumbo, kisha nguo alizojishonea mwenyewe zikaanza kuning'inia mwilini. Alipunguza mishono ya sketi zake mara mbili, na mara ya tatu akaacha. Karakana ikamwambia apumzike. Akaondoka Doornfontein, akarudi Soweto kwa mama yake, kwenye chumba kile kile alichozaliwa. Alikuwa na Ukimwi. Alikuwa amepima, akaniambia mimi, kisha akamwambia mama yake, na baada ya hapo jina la ugonjwa halikutajwa tena ndani ya nyumba ile. Tulisema "hali yake."

Kipindi hicho dawa zilikuwa zimeanza kusikika, lakini hakuna aliyejua amwamini nani. Redioni watu wazima wenye vyeo walibishana kama vile vidonge ni dawa au ni sumu. Wengine walisema mgonjwa ale mboga, ale matunda, apate vitamini, mwili utajipigania wenyewe. Kwenye foleni, kanisani, kwenye spaza, vile viduka vya mtaani, kila mtu alikuwa na mmea wake wa kukuambia.

Jumapili moja tulikwenda Soweto kama kawaida, mume wangu, watoto wetu, sasa wawili, na mimi. Mama mkwe alinivuta jikoni, akafungua kabati, akatoa kile kikaratasi. Alikuwa amekikunja vizuri mara nne.

"Makoti, hii maabara ni ya kwenu?"

"Ndiyo, Mama."

"Aliyepima ni nani?"

"Nilipima mimi."

Akakilaza kikaratasi mezani. Nilikuwa mkwe wake kwa miaka mingi, na hilo ndilo lilikuwa swali la kwanza alilowahi kuniuliza juu yangu mwenyewe. Nilikuwa na maneno mengine tayari mdomoni, kwamba kikaratasi kile ni uongo, kwamba kilichopimwa ni jua. Sikuyasema. Niliuona uso wake ukinifungukia, na nikataka ubaki vile vile.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na bustani ndogo ya nyanya ambayo nilikuwa nimeianzisha mimi, kwa kuwa Jumapili za ukweni ni ndefu na mikono ilikuwa inaniwasha. Wiki iliyofuata nikakuta mama mkwe amenunua mfuko wa ile mbolea na ameumwaga wote pale. Mvua ikanyesha. Baada ya wiki tatu ile bustani ilikuwa kichaka, majani meusi mapana hadi kiunoni, na ndani yake nyanya chache zilizojificha zikiwa na rangi ya maziwa.

Hapo nilisema, lakini nilisema nusu. Nilimwambia mbolea imezidi, majani yanaziba jua, na vitamini inataka jua. Alinisikiliza kama mwanafunzi. Tulipunguza majani pamoja, yeye upande ule na mimi upande huu. Akaenda mwenyewe kwa wauza makaa ya mawe wanaopita mitaani na mikokoteni ya farasi, akaomba samadi, akaibeba kwenye ndoo kichwani, mwanamke wa miaka sabini. Kila Jumapili alikuwa ananiuliza: nimwagilie kiasi gani, hili tawi nikate, hii imeiva au bado. Alianza kuwaambia majirani kwamba makoti wake anafanya kazi ya sayansi. Nami nilikuwa nangoja Jumapili ifike.

Nyanya zilipoiva nilichukua tatu, nikaenda nazo Randburg, nikazipima saa ya chakula cha mchana mlango ukiwa umefungwa. Buluu ikazama, ikazama tena. Sijawahi kuona nyanya ikimeza rangi namna ile. Zilishinda kila kreti lililowahi kupita mikononi mwangu. Niliandika namba kwenye karatasi, na Jumapili mama mkwe akaibandika kwenye mlango wa friji, mahali ambapo familia nyingine huweka picha za watoto waliohitimu.

Wakati huo wifi alikuwa na vidonda mdomoni, na utando mweupe ulioshuka hadi kooni. Mama yake alikuwa akimpikia nyanya na kitunguu kwa moto mdogo mpaka vinakuwa uji mwekundu, na uji huo alikuwa anaweza kuumeza akiwa na ugali laini. Mimi ndiye niliyekataza. Nilieleza kwamba vitamini C inakufa kwa moto, kwamba kuipika namna ile ni kuitupa. Ale mbichi, nilisema, na ale mara tu inapochumwa.

Mama mkwe alisita. "Mdomo wake unauma, makoti."

"Atazoea," nikasema. "Tukate vipande vidogo."

Nyanya mbichi ina tindikali. Mimi, mtu wa maabara, nilijua hilo kuliko mtu yeyote pale nyumbani. Wifi alikaa kwenye kiti mlangoni pa jikoni, juani, na blanketi miguuni, akala kipande kimoja kimoja. Kila kipande alifumba macho. Machozi yalimtoka, si ya kulia, yale yanayotoka yenyewe mtu akiungua. Alimaliza sahani. Tulimpongeza kama mtoto.

Dawa nilizijua. Mkuu wangu wa kazi ndiye aliyeniambia, siku moja aliponikuta nimeinama mezani. Mwanamke aliyekuwa akifanya kazi nyumbani kwake alikuwa amepelekwa kwenye kliniki moja ya mjini, akaanza vidonge akiwa hawezi kusimama, na sasa amerudi kufua na kugombana na mbwa. Aliniandikia jina la kliniki nyuma ya bahasha. Yule yule aliyesaini ile ripoti.

Nilimwambia mama mkwe mara moja tu, jikoni. Hakupaza sauti.

"Kijana wa nyumba ya nyuma alimeza vidonge hivyo," akasema. "Mwezi haukuisha. Nilisaidia kumvika nguo za kuzikwa. Unataka nimuue wangu kwa mkono wangu?"

"Labda alichelewa, Mama."

"Wewe endelea na nyanya, makoti. Hilo unalijua."

Nikaendelea na nyanya. Nilimwambia mume wangu, tukiwa wawili, kwamba aongee yeye, mwana wa nyumba. Akanijibu kwa Kiswahili, lugha aliyoitumia alipokuwa na jambo zito.

"Sikuwepo miaka kumi na minane, mke wangu. Baba alikufa sipo. Leo nikianza kuamuru atunzwe vipi huyu, Mama ataniuliza nilikuwa wapi. Nitamjibu nini?"

Nilimwelewa. Nilimwelewa upesi mno, kwa sababu kumwelewa kulinipunguzia kazi.

Jumapili moja mwishoni mwa majira ya joto ya huku, wifi aliniomba nikae naye pale mlangoni. Sahani ilikuwa mapajani mwake. Vidole vyake vilikuwa vimebaki vile vile, vidole vya fundi, na sindano zilikuwa zimeviachia ugumu kwenye ncha.

"Wifi," akasema. "Wewe ndiye unayezipima. Zinanisaidia?"

"Zina vitamini nyingi kuliko nyanya yoyote niliyowahi kupima."

Alinitazama. Hakuwa na hasira.

"Sikukuuliza hivyo," akasema, kisha akachukua kipande kingine, akafumba macho, akala.

Nimeishi na sentensi ile kuliko nilivyoishi na watu wengi. Nilikuwa na jibu. Nyanya humsaidia mtu mwenye njaa, mtu mwenye fizi zinazotoka damu, mtu mzima anayetaka kubaki mzima. Haizuii kile kilichokuwa kikimla. Ningeweza kulisema hilo kwa Kizulu alichonifundisha yeye mwenyewe. Lakini ningelisema, namba ile ya kwenye friji ingekuwa si kitu, na mimi ningerudi kuwa yule mgeni anayeulizwa kama amekula.

Wiki hiyo hiyo ilipiga mvua ya mawe, ile ya Johannesburg inayokuja alasiri na kwisha kabla hujamaliza kufunga madirisha. Tulipofika Jumapili bustani ilikuwa vijiti. Mama mkwe alikuwa ameokota nyanya zilizoanguka zikiwa za kijani, amezipanga dirishani juu ya gazeti ziive. Macho yake yalikuwa mekundu. Nami, badala ya kumshika mkono, nilimwambia kwamba nyanya inayoivia ndani haifikii ile inayoivia mtini. Niliona jinsi alivyolipokea lile neno, kama kosa lake.

Baada ya hapo baridi ikaingia. Tulinunua nyanya za sokoni, zinazotoka mbali kwenye joto, zinazochumwa bichi ili zistahimili lori. Nilizipima na hizo. Sikumpa mama mkwe namba zake, ila aliniuliza, na uso wangu ulimjibu.

Wifi akaanza kushindwa kupumua. Safari hii mume wangu hakuuliza mtu. Alimbeba dada yake mikononi hadi kwenye gari la jirani, na tukaenda hospitali, mama mkwe mbele na mimi nyuma nimempakata wifi. Daktari alikuwa kijana, mchovu, mpole. Alimsikiliza kifua kwa muda mrefu.

"Dawa alianza lini?"

"Hajaanza," mume wangu akasema.

"Kwa nini?"

Mume wangu akamtazama mama yake.

"Mlikuwa mnampa nini?"

Mama mkwe akanyoosha mgongo. Alikuwa amevaa kofia yake ya kanisani.

"Nyanya," akasema. "Mbichi. Makoti wangu huyu ni wa maabara. Alizipima mwenyewe."

Daktari alinitazama. Ningependa kusema alinikaripia, ingekuwa nafuu. Aliandika tu kitu kwenye faili lake, akasema watafanya wanachoweza, ila tumemleta akiwa amedhoofika sana. Aliishi siku tisa. Siku ya nne walimtibu mdomo, na utando ukatoka kwa dawa ya maji ya kusukutua, dawa rahisi ambayo kumbe ilikuwepo kliniki yoyote. Alikula mkate uliolowekwa kwenye chai. Alisema ni mtamu. Hakuniuliza tena kitu chochote.

Kwenye msiba, wanawake walikaa chini kwenye magodoro kumzunguka mama mkwe, naye aliwaeleza tulivyohangaika. Aliwaeleza juu ya samadi ya farasi, majani tuliyopunguza, namba. "Makoti alifanya kila kitu," akasema. Wanawake wakaniangalia kwa heshima, mmoja akanishika goti. Nilikuwa nimeingoja heshima hiyo miaka mingi, na ilinifikia pale. Nikainamisha kichwa, na wao wakadhani ni majonzi.

Nilirudi kazini. Msimu uliofuata mfanyabiashara wa mbolea alileta tena makreti yake mawili, kwa kuwa kikaratasi kilikuwa kimemfaa. Nilimwambia mkuu wangu kwamba sitazipima mpaka iandikwe kila kreti limeota wapi, juani au chini ya neti. Hakukasirika. Alisema niandike hayo kwenye daftari langu, na yeye ataandika ripoti. Niliandika. Daftari lilikaa kwenye rafu na mengine. Kabla ya mwaka kwisha niliacha kazi pale, nikapata nafasi ya kuandaa vifaa vya maabara kwenye shule moja ya sekondari, na huko niko mpaka leo.

Bustani ya Soweto nilikuwa sijaigusa. Lakini sifa za nyanya zilikuwa zimeshasambaa mtaani, na Jumapili moja mama mmoja wa nyumba ya nne akaja na bakuli. Binti yake, aliyekuwa amemaliza shule miaka miwili tu iliyopita, alikuwa amelala ndani hali chakula. Aliomba nyanya za makoti, au mbegu, au nimweleze tu namna ya kuziotesha.

Mama mkwe alikuwa amekaa nami. Nilijibu mbele yake.

"Mama, nyanya hazitamponya. Mboga yoyote haitamponya. Kesho nitaomba ruhusa kazini, nitakuja, tutampeleka kliniki."

"Lakini wewe mwenyewe uli..." yule mama mwenye bakuli akaanza.

"Najua nilichofanya."

Aliondoka na bakuli lake tupu, ameudhika, na nilidhani hatanifungulia. Nilifunguliwa mlango asubuhi na binti mwenyewe, akijishikilia ukutani, amevaa koti. Tulikaa kwenye mabenchi ya kliniki tangu saa mbili mpaka saa tisa alasiri. Walimtoa damu, walimpa tarehe ya kurudi, akarudi, akarudi tena, akapewa vidonge na karatasi ya kuwekea alama kila anapomeza. Mwezi wa kwanza ulimtesa. Mwezi wa tano alikuwa amenenepa mashavu. Sasa ana kazi kwenye duka la viatu mjini, na kila asubuhi hupita mbele ya geti la mama mkwe akienda kwenye teksi, zile daladala za huku, viatu vyake vikigonga lami.

Mama mkwe alimtazama akipita karibu mwaka mzima kabla ya kuniuliza. Tulikuwa tunamenya maboga uani. Aliweka kisu chini.

"Yule mama ulimwambia siku moja tu, na kesho yake ukaja ukampeleka mtoto wake. Mimi kwa nini hukunifanyia hivyo?"

Nilimwambia ukweli, kwa kuwa sikuwa na kingine cha kumpa. Nilimwambia kikaratasi kilikuwa cha uongo na nilijua tangu siku aliponionyesha. Nilimwambia nilikuwa nimeogopa kurudi kuwa mgeni nyumbani kwake. Nilimwambia binti yake aliniuliza, na nikamjibu habari za vitamini.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaokota kisu, akamalizia boga lililokuwa mkononi mwake, akalikata, akatoa mbegu, akaziweka pembeni.

"Usije Jumapili, makoti," akasema. "Kwa muda. Mwache mwanangu aje na watoto."

"Sawa, Mama."

Hakusema muda gani, na mimi sikumuuliza. Huu ni mwaka wa pili. Mume wangu na watoto huondoka saa nne baada ya chai, na jioni hurudi na chakula alichonifungia mama mkwe kwenye bakuli lenye mfuniko, nyama na maboga, kipimo cha mtu mmoja. Mimi huliosha bakuli, na Jumapili inayofuata wanalirudisha.